Jinsi ya kujiunga na kikundi cha kusaidiana kiafya katika ulimwengu pepe

Mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu huonana na daktari kwa dakika chache, kisha hurudi nyumbani kwa wiki au miezi akiwa na maswali yake. Nyumbani wanampenda, lakini uchovu wake hawaujui, naye amechoka kuueleza. Mwongozo huu nimemwandikia yeye. Nimemwandikia pia anayemuuguza, maana naye ana upweke wake ambao hakuna anayemuuliza.

Ulimwengu pepe ni mahali ndani ya intaneti palipochorwa kama dunia: kuna bustani, ufuo, kumbi na nyumba. Unaingia kwa umbo ulilojichagulia, linaloitwa avata, unatembea, unaketi, unakutana na watu walioingia saa ileile kutoka pembe zote za dunia, na mnazungumza kwa kuandika au kwa sauti. Kwa vikundi vya afya, mahali penye historia ndefu ni Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Wagonjwa na watu wenye ulemavu waliingia humo mapema sana. Chama cha Saratani cha Marekani kimekuwa kikifanya humo matembezi ya kuchangisha fedha tangu mwaka 2005. Alice Krueger, anayejulikana humo kwa jina la Gentle Heron na ambaye mwenyewe aliishi na ugonjwa wa mfumo wa neva, alianzisha Virtual Ability, shirika lisilo la faida ambalo lina kisiwa chake, mafunzo kwa wageni wenye ulemavu, na makongamano ya kila mwaka kuhusu afya ya akili na haki za watu wenye ulemavu. Upande wa michezo, Stuart Duncan wa Kanada alifungua Autcraft mwaka 2013 ndani ya Minecraft, kwa ajili ya watoto wenye usonji na familia zao.

Nimekuwa mwanakikundi kwa miaka kadhaa kwa sababu ya maumivu ya neva yasiyokwisha. Katika yote niliyojifunza, moja ndilo ninaloliweka mbele: kikundi kizuri ni kile kinachojua kusubiri. Mengine ya kubofya hiki na kile utayazoea ndani ya wiki moja.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kutafuta nini

Chukua karatasi uandike sentensi moja. "Nataka watu ambao sihitaji kuwaeleza kwa nini nimelala mchana kutwa." Au: "Nataka kujua wenzangu wanaogaje siku ambayo mikono haiwezi kuinuka." Au hata: "Nataka kucheza dansi na nisikumbuke ugonjwa." Yote ni sababu halali, na kila moja ina kikundi chake. Kuna vya mazungumzo ya wiki kwa wiki, kuna vya kubadilishana mbinu za kuishi, na kuna vya burudani ambavyo wote waliomo wanajuana kuwa ni wagonjwa lakini ugonjwa hautajwi.

Kama ulichoandika ni "nataka kujua nina ugonjwa gani" au "nataka nipone", hapo umebisha mlango usio wenyewe. Hilo ni la hospitali. Kikundi hakipimi wala hakitibu, na hakitakiwi kujaribu.

Hatua ya 2: Anza na mwili, ndipo uje kwenye kompyuta

Watu wengi hudhani lazima kuvaa ile miwani mikubwa ya uhalisia pepe. Si lazima. Second Life inafanya kazi kwenye skrini ya kawaida, kwa kibodi na kipanya, na kwa mgonjwa ndiyo njia ninayoipendekeza. Miwani huwaletea wengi kichefuchefu na kizunguzungu, ina uzito unaochosha shingo, na ukizidiwa unachelewa kujitoa. Baki na skrini mpaka uujue mwili wako humo.

Mwenye kifafa cha kuchochewa na mwanga asiingie kabla ya kuzungumza na daktari wake. Hata akiruhusiwa, azime kwenye mipangilio ya programu zile chembechembe za kumetameta, na akae mbali na kumbi za dansi zenye taa za kuwakawaka.

Asiyeona ana njia pia. Ipo programu nyepesi iitwayo Radegast inayoingia Second Life bila picha, kwa maandishi tu, hivyo kisoma-skrini kinaweza kumsomea yanayosemwa. Anayetumia mkono mmoja, au anayeandika kwa kuongea na kompyuta, asione haya kuwaambia wenyeji siku ya kwanza. Wengi wao wana kifaa kama hicho mezani.

Weka kengele. Mara ya kwanza dakika 20 zinatosha, kwa sababu kukaa humo kunachosha kama kukaa na wageni sebuleni. Unasoma, unajibu, unatazama, na wakati huohuo mwili wako umeketi pale pale bila kugeuka. Kengele ikilia, inuka hata kama mazungumzo yamenoga.

Hatua ya 3: Akaunti, jina na umbo

Akaunti ya kawaida ni ya bure. Fungua kwa barua pepe ya peke yake, uliyoitengeneza kwa kazi hiyo, na nywila usiyoitumia kwingine. Jina la avata lisiwe lile unalotumia kwenye mitandao mingine. Sababu ni moja tu: siku moja utasema jambo kuhusu afya yako ambalo mwajiri wako au jirani yako hapaswi kulijua, na hutaki jina hilo likitafutwa lifike hadi kwenye picha zako za harusi.

Kuhusu umbo, chukua muda, maana hapa pana jambo zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha kwamba waliopewa avata ndefu walijadiliana kwa ujasiri zaidi kuliko waliopewa fupi. Umbo ulilovaa linakurudi. Wapo wenye viti vya magurudumu ambao avata zao zinakimbia na kuruka, na wanasema hiyo ndiyo raha yao. Wapo pia wanaoweka avata yao kwenye kiti cha magurudumu kwa makusudi, kwa sababu kiti ni sehemu ya jinsi wanavyojijua na hawataki kukificha. Usimwulize mtu kwa nini amechagua alichochagua. Na wewe ukichagua leo, kesho unaweza kubadili.

Hatua ya 4: Tafuta kikundi, kisha kipime

Tumia sehemu ya kutafutia iliyo ndani ya programu. Andika jina la ugonjwa, au neno la jumla la kusaidiana, halafu angalia kikundi kina ratiba ya mikutano au kimebaki jina tu. Vingi vimekufa na milango yake haijafungwa. Ishara ya uhai ni mkutano wa wiki hii.

Saa zitakuchanganya mwanzoni. Second Life hutumia saa za California. Geuza kwa makini, uandike kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tukisoma 6:00 tunaweza kuielewa kwa namna mbili na kukosa mkutano. California pia husogeza saa mbele majira ya joto na kuirudisha baadaye, kwa hiyo hesabu iliyokuwa sahihi mwezi Februari huwa imekosea saa nzima ifikapo Aprili.

Hudhuria mara tatu kabla ya kuamua. Tazama haya:

- Kuna msimamizi anayejulikana, na kanuni zilizoandikwa mahali pa kuonekana.
- Mtu akitaja dozi au kumshauri mwingine aache dawa, msimamizi anaingilia kati mara moja, kwa upole na bila kumung'unya maneno.
- Mkutano wa sauti una mtu anayeandika yanayosemwa ili viziwi wasiachwe nje, na anayeandika naye anasomwa kwa sauti pale inapohitajika.
- Hakuna anayeuza kitu.
- Mgeni akinyamaza, anaachwa anyamaze.

Hilo la mwisho ndilo kipimo changu kikuu. Kikundi kinachomwandama mgeni, "tuambie, una nini, tangu lini, unatumia dawa gani", kina njaa ya habari zake. Ondoka.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Asiingie kwenye vikundi vya watu wazima kwa hali yoyote. Chagua mahali penye lango kama Autcraft, ambako huingii mpaka uombe na ukubaliwe, na ambako watu wazima wanaangalia uonevu. Na mzazi aketi karibu naye.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Kabla ya kujifunza kukaa, jifunze kuondoka. Tafuta kitufe cha kuzima programu, jua ilipo amri ya kumrudisha avata nyumbani, jua namna ya kumzuia mtu asikuandikie. Fanya kila kimoja mara mbili ukiwa peke yako.

Kisha fika dakika kumi mapema, salimu kwa neno moja, bofya kiti na uketi. Ukisimama katikati ya mduara unaziba macho ya wengine bila kujua.

Utaona mambo usiyoyaelewa. Usiku wangu wa kwanza nilikuta watu saba wameketi kuzunguka moto. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Nikadhani analia, nikamwandikia faraghani maneno marefu ya kumpa moyo. Baada ya kitambo kichwa kikainuka. Alikuwa amekwenda kunywa dawa. Avata ya mtu aliyeacha kibodi kwa dakika kadhaa hulegeza kichwa yenyewe. Alinishukuru, akasema hajawahi kupewa pole nzuri hivyo kwa kumeza vidonge viwili, na ndipo nikajua nimefika kwa watu.

Jambo la pili nililoliona usiku ule ndilo lililonibakiza. Mtu akiandika, avata yake hunyoosha mikono mbele na vidole vinachezacheza hewani kama vinagonga kibodi isiyoonekana. Mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, aliulizwa wiki yake ilikuwaje. Mikono ya avata yake ikaanza kucheza. Ikacheza dakika moja. Ikasimama, ikaanza tena. Hakuna aliyeandika neno. Hakuna aliyebadilisha mada, hakuna aliyemkisia jibu. Zilipita dakika nne hivi, nyuki wa kuchorwa wakizunguka maua, moto ukilia. Halafu yakaja maneno yake: "Mbaya. Lakini leo nimefunga vifungo vya blauzi mwenyewe." Na wote kwa pamoja mikono ikainuka kuandika.

Nje ya pale, watu humalizia sentensi za mgonjwa. Hata wanaompenda humalizia.

Hatua ya 6: Kusema, na nani anasikia

Maandishi ya kawaida katika Second Life humfikia kila aliye ndani ya mita 20 za mle. Kuna kunong'ona, mita 10, na kupaza sauti, mita 100. Mita hizo hazijali ukuta: aliye upande wa pili wa ukuta, akiwa ndani ya umbali huo, anasoma. Ujumbe wa faragha humfikia mmoja tu. Na kila anayesoma anaweza kuhifadhi au kupiga picha ya skrini. Kwa hiyo sema tu kile ambacho kingevuja kisingekuvunja.

Kumbuka pia kwamba sheria za siri ya mgonjwa humbana daktari na hospitali. Mwenzako wa kikundi anabanwa na uungwana wake tu.

Mara ya kwanza sema mambo matatu: unaishi na nini, kwa neno la jumla, nini kinakusumbua wiki hii, na unataka nini kutoka kwao, kusikilizwa au mawazo. Hilo la tatu watu hulisahau, ndipo mtu aliyetaka bega la kuegemea anapewa orodha ya vyakula. Usitaje mji wako, hospitali yako, jina la daktari wako, wala tarehe ya upasuaji. Hadithi yako haipungui chochote bila hizo.

Sauti ina joto ambalo maandishi hayana, lakini pia inatoa umri, lafudhi, na pumzi zako. Anza kwa maandishi. Sauti iko, haikimbii.

Hatua ya 7: Yanayohusu dawa

Hapa sina mzaha. Usianze dawa, usiache, usipunguze wala kuongeza kwa sababu mtu wa kikundi alifanya hivyo akapona. Mwili wake una figo zake, ini lake na dawa zake nyingine usizozijua. Unachoweza kuchukua kutoka kwa wenzako ni swali. Mwenzako akisema dawa fulani ilimletea ganzi na daktari akabadilisha muda wa kuinywa, andika: "Nimwulize daktari, ganzi hii inaweza kuwa ya dawa? Muda wa kunywa ukibadilika itasaidia?" Mimi nina daftari dogo la maswali ya namna hiyo. Daktari wangu sasa huanza kwa kulitazama, na zile dakika chache zinaenda mbali kuliko zamani.

Mbinu za kawaida za maisha, kama namna ya kushika kijiko, kupanga siku ili nguvu isiishe mchana, au kumweleza mwanao kwa nini leo huwezi kumbeba, hizo chukua kwa mikono miwili. Hapo wenzako ndio mabingwa.

Hatua ya 8: Udanganyifu

Wapo wanaojifanya wagonjwa. Daktari wa akili wa Marekani, Marc Feldman, aliliandikia jambo hili mwaka 2000 na kuliita Munchausen ya mtandaoni: mtu anatunga ugonjwa ili ahurumiwe. Dalili zake hurudiarudia. Anazidiwa vibaya kila mwingine anapoanza kusikilizwa, anapona ghafla, habari zake zinapingana, na mara anatokea "ndugu" au "mke" wake anayeandika kwa mtindo uleule.

Ukishuku, usimwaibishe mbele ya watu. Kwanza unaweza kuwa umekosea, na ugonjwa wa kweli nao huwa na mambo ya ajabu. Pili, anayetunga naye ana shida, ingawa si ile anayoisema. Mwambie msimamizi faraghani, punguza kumpa muda wako, basi.

Kuhusu fedha, kanuni ni fupi: usimpe mtu binafsi, hata kwa sarafu ya mle ndani, kwa sababu nayo hubadilishwa kuwa dola.

Hatua ya 9: Usiku mbaya

Jiandae ungali na nafuu. Andika kwenye karatasi namba ya dharura ya mahali unapoishi, namba ya msaada wa afya ya akili kama ipo, na jina la mtu mmoja anayeweza kufika mlangoni kwako. Ibandike kando ya skrini.

Sababu ni hii: wenzako wa kikundi hawajui uko wapi. Ulificha mji wako, na ulifanya vema, lakini usiku ambao unawaza kujidhuru, siri hiyohiyo inawazuia kukutumia msaada. Mwanakikundi anaweza kukaa nawe kwenye maandishi unapopiga ile namba. Kupiga ni kwako. Na ukiwa wewe ndiye unayekaa na mwingine, usimwahidi kumtunzia siri ya kujiua. Mwite msimamizi hapo hapo, mwulize mwenzako waziwazi kama yuko salama, na umwombe amwamshe mtu aliye naye nyumbani.

Hatua ya 10: Waachie njia ya kukupata

Mahali kama hapa hufungwa. AltspaceVR, iliyokuwa ya Microsoft, ilifungwa Machi 2023, na waliokuwa wakikutana humo walilazimika kuhama. Ukishapata watu wawili au watatu wa kuaminika, kubalianeni njia nyingine ya mawasiliano, hata kama ni barua pepe ile ya peke yake.

Liko na jambo ambalo wengi hawataki kulizungumza. Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na ugonjwa wa Duchenne unaodhoofisha misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi bila marafiki, kwa kuwa muda wake mwingi aliupitisha ndani ya World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni. Baba yake akaweka tangazo la kifo kwenye blogu ya mwanawe, na barua zikaanza kuingia kutoka nchi mbalimbali, za watu waliocheza naye kwa miaka na kumwita rafiki. Baadhi yao walisafiri hadi kwenye mazishi. Ilitokea hivyo kwa sababu alikuwa amewaachia wazazi nywila ya blogu.

Fanya hivyo na wewe. Karatasi moja inatosha: jina la avata, jina la kikundi, jina la msimamizi, na maneno machache ya kuwaambia. Mpe mtu wa nyumbani, au mwonyeshe ilipo. Yangu iko kwenye bahasha ndani ya droo ya dawa, na dada yangu anaijua. Nimeandika aingie siku ya mkutano, aketi karibu na moto, awaeleze, ili wasiendelee kuningoja.